Wazo lenye mabawa

Nimetoka darasa la Kifaransa sasa hivi. Niko kwenye daladala, nacheka peke yangu, abiria wananitazama.

Leo ilikuwa imla. Mwalimu wetu, mzaliwa wa Bukavu, akasema neno moja: "wazo."

Nami bila kusita nikaandika: wazo.

Akapita nyuma yangu, akainama, akatulia kidogo. "Dada, wazo gani tena hilo?"

Kumbe alimaanisha ndege! Ndege wa mabawa, si wa kiwanjani. Akaandika ubaoni: oiseau.

Herufi sita. Irabu zote tano zimo, na s moja katikati yao. Hakuna hata moja inayosikika kwa sauti yake. Hiyo s yenyewe inasomwa z. Wakiwa wengi unaongeza x mwishoni, nayo haitamkwi. Jamani.

Chanzo ni Kilatini: avis, ndege. Ikazaa aucellus, yaani kindege, Wafaransa wa kale wakasema oisel, mpaka tukafika hapa pa kuteseka. Waitaliano wana uccello yao.

Halafu akatupa msemo: oiseau de malheur, ndege wa balaa, yaani mtu anayetabiri mabaya tu. Nikamkumbuka bibi, bundi akilia juu ya paa: "Ndege mbaya huyo!"

Daftari liko mapajani. "Wazo" langu hakulikata kwa kalamu nyekundu. Kalichorea mabawa mawili madogo.

Nyie je, neno gani la kigeni limewahi kuwachezea hivi? Semeni nicheke hadi nishuke.