Asubuhi na Vizsla, Hortobágy

Tulishuka Hortobágy asubuhi ya Oktoba, baridi ikituchoma masikio. Kutoka Debrecen, mji wa Hungaria ninakosoma, ni kilomita 40 hivi tu, lakini hapo mji unasahaulika kabisa. Ni nyasi kavu mpaka macho yanapokoma, na lile daraja la mawe lenye matao tisa, lililokamilika mwaka 1833. Mwenzangu wa chuoni alikuwa ananipeleka kwa babu yake, mwindaji. Njiani alinifundisha nimwite bácsi, kama sisi tunavyosema mzee.

Bácsi alitupokea na mbwa wake wawili. Rangi ile sikuwahi kuiona kwa mbwa: dhahabu yenye kutu, pua nayo hudhurungi. Ndio vizsla, mbwa wa kuwindia ndege wa Wahungari. Manyoya yao ni mafupi, hayana sufi ya ndani, hivyo baridi huwaingia upesi. Yule mkubwa alikuwa anatetemeka. Akaja akaniegemea mguuni kwa uzito wake wote. Kwetu mbwa ni mlinzi, hulala nje, na mimi nimelelewa kukaa naye mbali. Nilikakamaa. Baada ya muda nikajikuta namkuna shingoni.

Porini akawa kiumbe kingine. Alikata nyasi kushoto na kulia, pua juu akiupokea upepo, kisha ghafla akaganda: mguu mmoja wa mbele umekunjwa, mkia umenyooka, mwili mzima umeelekea kwenye kichaka kimoja. Hakubweka. Bácsi akainua mkono, nasi tukasimama tulipokuwa. Sijui kama ilikuwa dakika au zaidi. Nilisikia moyo wangu. Bácsi aliposogea, akaruka fácán, ndege wa jamii ya kwale mwenye mkia mrefu, bunduki ikalia. Mbwa hakutikisika mpaka alipoamriwa. Alimleta ndege yule mdomoni taratibu, nami nikamkagua: hakuna alama hata ya jino.

Tukinywa chai, bácsi alitusimulia jinsi mbwa hawa walivyokaribia kutoweka baada ya Vita Kuu ya Pili, na jinsi waliokimbia nchi walivyoondoka nao.

Kwenye treni nilimtumia mama picha ya mbwa aliyeganda. Akajibu: "Masikini, mguu umemfanya nini?"

Nikamwandikia: "Hajaumia, mama. Anatuonyesha ndege alipo."