Mama Yake Kete

Nyumbani kwetu Iringa baba alikuwa na bao la mninga, na kete zake akizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga. Kete za kijivu, ngumu, laini kama zilizopakwa mafuta. Zilipaswa kuwa 64, lakini tatu zilipotea kabla sijazaliwa, mahali pake vikawekwa vijiwe vya mtoni. Nilizichezea utoto wangu wote bila kujiuliza zilitoka wapi.

Mwaka 2007 nilipangiwa kufundisha Pangani. Jumamosi moja nilivuka mto kwa kivuko hadi Bweni, nikashika ufukwe kuelekea kusini pamoja na mtoto wa mwenye nyumba wangu. Pale mchanga unapokwisha na vichaka kuanza, shati langu likanaswa. Kila nilipovuta, miiba ilizidi kuuma. Ilikuwa imepinda kurudi nyuma kama kucha za paka, na ilijipanga hata chini ya majani. Juu yangu yalining'inia maganda ya kahawia, bapa, yenye urefu wa kidole, yamejaa vijiti vyembamba vinavyochoma kila upande.

"Usiguse," nilimwambia mtoto. "Hiyo jamii ya mbarika, ina sumu."

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, nikalisema kwa uhakika wote. Nilipotulia kuangalia vizuri nikaona nimekosea. Jani la mbarika limechanuka kama kiganja. Hili lilikuwa na vijani vingi vilivyopangwa pande mbili za kikonyo, vikubwa kuliko vya mkwaju. Tena tunda la mbarika lina vyumba vitatu, na hili lilikuwa ganda la jamii ya kunde, lenye mshono wa kufungukia. Basi lilikuwa nini? Nikachuma moja kwa tahadhari, nikalifunga kwenye leso.

Jioni nikapitia barazani kwa mzee mmoja, fundi wa bao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umetuletea nini?"

Nikafungua leso. Hakusema kitu. Aliliweka ganda chini, akalikanyaga polepole kwa kisigino, likaachama. Ndani mlikuwa na mbegu mbili za kijivu. Akazitia kwenye shimo la bao, zikapotea kati ya wenzake.

"Komwe hizo, mwalimu. Mti wake mkomwe. Kwani huko kwenu bara hamchezi bao?"

Koo lilinikaba. Vidole vyangu vilizijua mbegu zile kabla sijajua kusoma, na mama yake ndiye aliyenichania shati asubuhi ile!

Mzee akanieleza kwamba komwe haizami. Ndani ya gamba lake mna uwazi, bahari huibeba; ndiyo maana mkomwe huota katika pwani nyingi za joto, na mawimbi yamewahi kuzitupa mbegu zake hadi Scotland. Wakati tunaongea, yule mtoto alichukua moja, akaisugua sakafuni kwa nguvu, akanigusisha mkononi. Ilikuwa ya moto kama kaa.

Mzee akanirudishia komwe mbili. Nilizitia kwenye kiberiti, nikazituma Iringa kwa basi. Baada ya siku nne baba akapiga simu. Alizisifu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na ya tatu je?"

Jumamosi iliyofuata nikavuka tena kwenda Bweni, safari hii nimevaa koti la jinzi.