Tarakimu Sita za Baba

Kosta ya Tukuyu ilianza kuita abiria Mwanjelwa saa moja asubuhi, ikaondoka saa mbili na nusu. Nilipata muda wa kuitazama tena daftari ya marehemu baba. Ujanani alikuwa kibarua wa wapima ardhi, akiwavutia mnyororo wa kupimia. Kwenye ukurasa mmoja aliandika kwa penseli 673031, na pembeni neno moja tu: chemchemi.

Namba hiyo husomwa kwa vipande viwili. Ramani zetu za topografia za skeli ya 1:50,000 zina mistari ya kusimama na ya kulala, yaani gridi, na kila mraba una sentimita 2 kwa 2, sawa na kilomita 1 ardhini. Tarakimu tatu za kwanza zinakupeleka mashariki: mstari wa 67, halafu sehemu 3 kati ya 10 za mraba. Tatu za mwisho zinakupandisha kaskazini: mstari wa 03, halafu sehemu 1. Mashariki hutangulia. Kidato cha nne niliwahi kuzigeuza, nikajenga zahanati katikati ya bwawa.

Ila baba hakuandika namba ya karatasi ya ramani, na tarakimu sita hujirudia kila baada ya kilomita 100. Ipo 673031 nyingine kule upande wa Wanging'ombe, na nyingine tena porini kaskazini ya Chunya. Mama ndiye aliyeniokoa. "Kambi yao ilikuwa Isongole," alisema, "maana alikuwa akirudi na viazi."

Basi, huku kosta ikipanda kutoka Igawilo na vioo vikianza kufunikwa na mvuke, nikaijaza simu namba kamili ya mfumo wa UTM, unaoigawa dunia kwa kanda: kanda ya 36 Kusini, 567300, 9003100, zile 673 na 031 za baba zikiwa ndani yake. Kanda hiyo huanzia longitudo 30 hadi 36, kwa hiyo Mbeya na Iringa mjini wamo humo pamoja. Ile milioni tisa huwatisha watu bure. Kusini mwa dunia ikweta imepewa mita 10,000,000, nawe unapunguza kadiri unavyoshuka. Ukitoa, unapata kwamba Isongole iko karibu kilomita 997 kusini mwa ikweta.

Nilishuka kwenye ukungu na baridi ya kukata masikio. Simu ikaniongoza kupita magunia ya viazi yaliyofungwa lumbesa, ikanipandisha vijia viwili vitatu, ikanisimamisha katikati ya matuta. Nimefika, ikasema. Maji hakuna, hata tope hakuna. Tarakimu sita hukupa kisanduku cha mita 100 kila upande, hivyo nikakizunguka chote. Hola.

Bibi mmoja aliyekuwa akipalilia akainua kichwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umepoteza nini?"

"Natafuta mahali. Marehemu baba aliniachia namba za gridi."

"Gridi? Ilikatika jana usiku, ikarudi alfajiri."

Nikacheka mpaka nikakaa juu ya tuta. Kosa si lake: redio ikitaja gridi, ni gridi ya taifa.

Pale chini ndipo nilipokumbuka. Ramani za enzi za baba zilipimwa kwa msingi uitwao Arc 1960, na simu yangu ilikuwa ikitumia WGS 84, msingi wa GPS. Misingi hii miwili huanzia dunia yenye umbo tofauti kidogo na kitovu tofauti, kwa hiyo huku kwetu namba ile ile huangukia sehemu mbili zilizoachana karibu mita 300. Simu ilikuwa imenipitisha kaskazini. Nikageuka kusini, nikaanza kuhesabu hatua kwa sauti.

"Kumbe unataka maji?" bibi akaniita nilipomweleza. "Si ungesema! Shuka mpaka kwenye transfoma, ukate kushoto."

Sikuacha kuhesabu, kwa ubishi tu. Kwenye mia tatu na tisini nikaiona transfoma juu ya nguzo zake, ikinguruma taratibu ndani ya ukungu. Kushoto, chini ya mianzi, maji yalikuwa yakitoka kwenye bomba la plastiki lililochomekwa kwenye udongo, na wasichana wawili wakijaza madumu.

"Hapa panaitwaje?" nikawauliza.

Wakatazamana. "Transfoma."

Nikanywa kwa viganja, meno yakauma kwa baridi. Kisha nikatoa daftari. Chini ya penseli ya baba nikaandika kwa kalamu: Arc 1960. Na chini yake tena: transfoma, kushoto.