Nilivyowapata watoto na wakubwa kwa herufi za grafiti, lupangoni kwetu Katuba

Kabla ya likizo ya Julai kuanza, nilitaka kuwakusanya watoto wapake rangi herufi za grafiti, yale maandishi manene ya kuchorwa ukutani. Watu watatu walinishauri, na wawili kati yao walinipotezea makuta, yaani pesa. Wa kwanza alisema bila rangi ya kupuliza hakuna grafiti. Wa pili akasema kurasa za kupaka rangi zimejaa kwenye intaneti, nichapishe tu nigawe. Wa tatu, jirani ninayemheshimu sana, aliniambia naenda kuwafundisha watoto uhuni, na kwamba mtu mzima mwenye akili hakai chini kupaka rangi karatasi. Leo tumeshafanya Jumamosi saba hapa lupangoni, yaani uani kwetu, Katuba, Lubumbashi. Nina kamba mbili za karatasi zinazokauka, na karatasi za watu wazima si chache. Ndiyo maana naandika.

Rangi ya kupuliza nilinunua kopo moja, kwa bei ya kuku mzuri. Ilikuwa kiangazi, upepo na vumbi jekundu. Nusu ya rangi ilikwenda na upepo, nusu ikashika vumbi, na watoto wakaanza kukohoa. Nililifunga kopo siku ileile. Mvuke ule si wa kuvutwa na mtoto, hata mkiwa nje.

Kurasa za intaneti ndizo zilizonisumbua zaidi. Nilikwenda kwenye duka la kuchapisha, nikachagua ishirini, nzuri kweli kuzitazama: herufi zilizofumana kama mizizi ya mti, mishale inatoka huku na huku. Nikalipa, nikarudi nimefurahi. Jumamosi ya kwanza, mtoto wa miaka sita akaishika yake, akaigeuza juu chini, akaniuliza, “Mama, hapa wameandika nini?” Nami sikujua. Lilikuwa neno la Kiingereza lililofumwa mpaka halisomeki. Wakapaka hivyohivyo, rangi moja ikipita juu ya herufi tatu, maana hakuna aliyeona herufi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi.

Halafu likaja la wino. Binti mmoja alikuwa na kalamu ya wino ya njano, mpya kabisa. Alipoipitisha kando ya mstari mweusi, mstari ukayeyuka. Ncha ya kalamu ikawa ya kijivu, kisha nyeusi, na kila alipogusa baada ya hapo pakawa na rangi ya maji machafu. Alijaribu kuifuta ncha kwenye sketi yake. Nilimwona midomo inaanza kutetemeka. Nilirudi dukani Jumatatu, na fundi mwenyewe akanieleza: printa yao ni ya wino wa maji, ndiyo maana kalamu ya maji inaubeba. Mashine ya fotokopi inatumia unga mweusi unaoshikizwa kwenye karatasi kwa moto, na huo maji hayaufuti. Kwa hiyo ukichapisha, usigawe ile karatasi ya printa. Ipige fotokopi, gawa fotokopi. Laiti mshauri wangu angenieleza hilo badala ya kusema “chapisha tu.”

Lakini kilichonifaa hakikutoka dukani. Mimi ni mshonaji. Usiku mmoja nilikuwa nakata patroni, kile kielelezo cha kukatia kitambaa, ya mkono wa gauni, nikawaza: herufi nene ya grafiti ni herufi ya kawaida iliyoongezewa nafasi ya mshono! Nikachukua katoni, nikaandika B nyembamba kwa penseli, kama mtoto wa shule anavyoiandika. Kisha nikaizunguka kwa umbali wa vidole viwili pande zote, na kila penye pembe nikapindisha, kama ninavyopindisha kola. Nikakata. Mkononi nilikuwa na B iliyovimba kama andazi. Sikulala mpaka nimemaliza zote ishirini na sita, na siwezi kuficha furaha yangu: ni kazi nzuri kuliko magauni mengi niliyoshona mwaka huu.

Sasa mtoto hahitaji kujua kuchora. Anachukua patroni za jina lake, anaziweka kwenye karatasi moja baada ya nyingine, anazungusha penseli. Siri iko kwenye kupandanisha. Herufi ya pili iingie juu ya ya kwanza kwa upana wa kidole, kisha ufute mstari wa ile iliyo nyuma. Ukiziacha zimeachana zinakuwa kama tangazo la duka. Zikikumbatiana, hapo ndipo mtoto anapiga kelele. Na hakuna anayeuliza pameandikwa nini, kwa sababu ni jina lake.

Niliwaeleza watoto kwamba ndivyo grafiti ilivyoanza, kwa majina. Mwaka 1971 gazeti la New York Times liliandika habari za kijana aliyekuwa akiandika TAKI 183 kila alikopita; 183 ilikuwa namba ya barabara ya kwao. Na kijana wa Bronx aliyejiita Phase 2 ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa hizi herufi za kuvimba, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nilipomaliza kusema hivyo, kila mtoto akataka namba ya lupango yao mbele ya jina. Wengine hawakuijua. Wakakimbia nyumbani kuisoma mlangoni. Nikalazimika kukata patroni za tarakimu pia.

Na jirani yangu anayesema ni uhuni, namjibu hapa kwa heshima. Kupaka kuta si jambo lililoletwa na ndege. Huku kwetu Katanga, Bukama, mwaka 1926, Mbelgiji Georges Thiry aliona picha kwenye kuta za nyumba za udongo, akamtafuta aliyezipaka, Albert Lubaki, akampa karatasi na rangi. Mke wa Lubaki, Antoinette, naye alipaka. Na hapa mjini kwetu, miaka ya 1940, kwenye karakana ya wachoraji ya Pierre Romain-Desfossés, Bela alipaka kwa vidole vyake bila brashi, na Mwenze Kibwanga akajaza picha nzima kwa vistari vifupi vilivyopangana. Mimi nimewachukua wote wawili. Wadogo wananijazia herufi kwa alama za vidole kama Bela. Wakubwa, penseli ikiwa imebaki kipande, wanajaza kwa vistari kama Mwenze, na herufi inang'aa kuliko ukiisugua yote. Ukuta wa mtu hatugusi. Tunafanyia karatasi na mifuko ya saruji iliyokung'utwa na kukatwa, basi.

Kwa rangi ya maji mstari wa penseli hautoshi, rangi inavuka. Mimi napika gundi ya unga wa muhogo, vijiko viwili kwa kikombe cha maji, mpaka iwe kama uji unaong'aa, nachanganya na makala, yaani makaa, yaliyosagwa na kuchujwa kwa kitambaa. Naiweka kwenye kimfuko cha nailoni, nakata ncha ndogo, nabinya juu ya mstari. Ikikauka inasimama kama ukingo mweusi na rangi inabaki ndani. Pika ya siku hiyohiyo, inachacha. Na usiache karatasi sakafuni usiku: panya walikula mistari ya karatasi sita, wakaacha rangi bila herufi. Tangu hapo natundika kwenye kamba, juu kabisa.

Kivuli cha herufi kiliwashinda wengi. Waliweka kulia kwenye herufi moja, kushoto kwenye nyingine. Niliwatoa nje saa mbili asubuhi, nikawasimamisha mstari mmoja, nikawaambia watazame chini. Vivuli vyote upande mmoja. Hawajakosea tena.

Sasa wakubwa. Mzee mmoja wa barabara ya nyuma, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye matanuru ya shaba, alikuja kumchukua mjukuu wake. Nilimpa kiti na karatasi yenye neno LUBUM, nikamwambia, “Mzee, tusaidie kidogo.” Alikaa mpaka jua likazama. Watoto walikuwa wanapaka kila herufi rangi moja. Yeye alianza na njano hafifu kila mahali, akarudi na chungwa akiacha katikati, akarudi na nyekundu akiacha zaidi, akamalizia kingo kwa kahawia na nyeusi. Akaniambia bila kuinua kichwa:

“Mama, kitu cha moto hakiwi na rangi moja. Katikati ni njano inayokaribia weupe. Ukienda pembeni kinapoa, kinakuwa chungwa, kinakuwa chekundu, mwisho cheusi. Usiku tulipomwaga mabaki pale kwenye mlima, ndivyo yalivyoteremka.”

Kila aliyekaa hapa Lubumbashi anaujua mlima huo mweusi wa mabaki ya matanuru, ulio karibu na bomba refu la moshi. Ile karatasi yake, ukisimama mbali, utadhani herufi zinawaka. Watoto waliacha zao wakamzunguka. Nimewaambia wazazi wengi tangu siku hiyo: anza na rangi nyepesi, nzito ije baadaye, maana njano juu ya nyeusi haionekani. Lakini hakuna aliyelielewa upesi kama waliomwona yule Mzee.

Penseli za rangi nunua chache zilizo nzuri, pakiti moja au mbili. Za bei ya chini zinakatika kila ukichonga. Karatasi, unga na makala havijafika dola tano kwa Jumamosi zote, bila kuhesabu lile kopo la kupuliza.

Jana mjukuu wa Mzee alikuja peke yake. Babu anaomba karatasi nyingine, afanyie nyumbani, neno la herufi nne: MOTO. Nimeshaichora. Zile O mbili nimezipa tumbo kubwa kuliko M na T, apate nafasi.