Papa Alipoichora Nyumba kwa Chokaa

Juzi, hapa Goma, tukitoka mtaa wa Birere kushuka katikati ya mji, kitinda mimba wangu alinivuta mkono mbele ya duka moja la vitenge. "Mama, juu ya nini dirisha iko chini vile?" Kizingiti kilimfika magotini. Nikamjibu kwamba lile ni dirisha la ghorofa ya juu. Akaangalia barabara, akaangalia dirisha, akaniangalia mimi, na nikajua hajaniamini. Usiku, alipolala, nilibaki macho na ile asubuhi ya 2002.

Ya kukimbia sitayarudia. Tarehe 17 Januari kila mtu wa hapa ana yake: magodoro kichwani, msongamano kwenye barieri ndogo ya mpaka wa Rwanda, usiku wa Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, tukitazama wekundu juu ya mji wetu. Nyiragongo, volkano yetu, ilikuwa imepasuka ubavu wa kusini, na lava yake ni nyepesi, haisubiri mtu. Ilifunika sehemu ya njia ya ndege, ikapita katikati ya mji, ikaunguza Kathedrali ya Mtakatifu Yosefu, ikaingia ziwani. Nyumba za chini zilimezwa, zikaacha mabati yaliyojikunja juu ya jiwe. Za ghorofa zilijaa lava vyumba vya chini, ikagandia humo, na kilichokuwa juu kikawa usawa wa barabara.

Yetu ilikuwa ya chini.

Tulirudi kuitafuta joto likiwa bado halijatoka ndani ya mawe. Tulilisikia kwenye nyayo, kupitia kandambili, na ukikaa mahali pamoja unaanza kubadilisha miguu. Hapakuwa na avenyu, hapakuwa na uzio wala mwembe wa jirani. Ni weusi mtupu wenye mikunjo na ncha kali, na harufu ya kiberiti. Watu walizunguka juu yake wakibishana wapi palikuwa pa nani.

Papa alikuwa masoni, fundi wa kujenga. Katika kukimbia alikuwa amebeba begi lake la kazi, na Mama alimgombeza njia nzima kwa sababu aliacha sufuria. Asubuhi ile alilifungua. Alichukua uzi wake, akaenda kwenye ghorofa ya jirani, ile iliyobaki nusu, akaufunga kwenye chuma cha balkoni. Ukuta uliotutenganisha na jirani aliujenga yeye, kwa hiyo vipimo vyake vilikuwa mkononi mwake. Akavuta uzi, akapima kwa metri, akaweka jiwe. Akapiga pembe mraba, akapima tena. Hakusema neno. Kisha akatoa mfuko wa chokaa aliopewa na fundi mwenzake wa Gisenyi, akaanza kuimwaga taratibu kwenye mstari wa uzi, akiinama na kurudi nyuma.

Nyumba ikatokea. Saluni ya kupokea wageni, chumba cha wazazi, chetu sisi wasichana, cha wavulana, kolido, jiko nyuma. Mistari myeupe juu ya jiwe jeusi, kwa ukubwa wake wenyewe. Nilishangaa ilivyokuwa ndogo.

"Njo hapa," Papa akasema. "Muingie."

Tukaingia. Ninachokumbuka kuliko vyote ni kwamba hakuna aliyeruka mstari. Sisi wote, hata kaka yangu mdogo, tulizunguka mpaka pale alipoacha nafasi ya mlango, tukapita mmoja mmoja. Yaya, kaka yetu mkubwa, akaenda kusimama chumba cha wavulana. Mimi nikasimama palipokuwa kitanda changu. Mama alipita kolido yote bila kugeuka, akafika jikoni, akakaa pale.

"Sahani zangu ziko hapa chini," akasema.

"Ziko. Mita mbili, ao tatu."

Mama akavua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya. Mchana mvua ilinyesha, jiwe lote likafuka mvuke, chokaa ikaondoka. Lakini Papa alikuwa ameshaandika vipimo kwenye kaye yake, daftari la kazi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Tulijenga kwa mbao, kama wengi: ukuta mfupi wa mawe kwa chini, mbao juu, mabati. Nyumba ya mbao haidai msingi mrefu, na nani angeuchimba mwamba ule? Hata choo tulikipandisha juu, na ngazi zake, kwa sababu shimo lilihitaji siku nyingi za nyundo. Miaka ikapita, mbao zikageuka mawe na sima, yaani saruji. Kila mara Papa alifuata kaye ile. Milango ikakaa juu ya milango, jiko juu ya jiko. Mama alitaka mlango ugeuzwe uangalie upande mwingine, na mpaka leo sijui nani kati yao alikuwa na haki.

Wageni wakiuliza majengo ya kale ya Goma huonyeshwa zile nyumba za Wabelgiji kando ya ziwa. Ni nzuri, zitunzwe. Ila mji wa kale mwingine tunautembelea juu yake kila siku, na ninatamani pawe na alama fulani ukutani, hata mahali pamoja tu, inayosema ni kiasi gani cha jengo kiko chini. Zile kuta za mawe meusi zinazopendeza kwenye hoteli, zenye viungo vya sima vilivyonyooka, ni lava hiyo hiyo iliyopasuliwa. Mimi naziona nzuri kweli. Mafundi wetu wamefanya jambo kubwa nalo.

Mei 2021 lava ilishuka tena, ikasimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Hatukuguswa safari hii. Tangu hapo Yaya amepania: ghorofa, vioo vya buluu, vigae mpaka nje, kama wanavyojenga wote sasa. Msanifu amekwisha chora. Anasema lava yenyewe ni msingi mzuri, na mlango ameuelekeza upande ule aliotaka Mama. Papa hayupo tena wa kubishana naye. Mimi nimeomba kitu kimoja, jiko libaki pale lilipo. Msanifu amejibu kwamba mabomba yatazidi bei, na Yaya bado hajanipa jibu.