Gemellus karudi kwao: askari msaidizi wa Roma na mabamba yake ya shaba

Gemellus mwana wa Breucus, mwenyeji wa Pannonia, jimbo la Roma kando ya mto Danube, alikuwa askari msaidizi, yaani wa vikosi vilivyoandikisha hasa watu wasio raia. Alipewa uraia wa Roma tarehe 17 Julai mwaka 122. Kikosi chake kilikuwa Britania, lakini hati yake ya uraia imefukuliwa Brigetio, huko huko Pannonia, Hungaria ya leo. Kwa hiyo alirudi kwao, jambo ambalo wenzake wengi hawakulifanya. Yeye alikuwa mpanda farasi. Hata hivyo, hati hiyo inataja vikosi 13 vya wapanda farasi na kohorti 37, yaani vikosi vya askari wa miguu hasa, na askari wa miguu wa kohorti alipata haki zilezile kwa masharti yaleyale: utumishi wa miaka 25 au zaidi, kisha kuachiwa kwa heshima.

Hati yenyewe inastahili kuangaliwa kwa makini, maana ilitengenezwa isighushike kirahisi. Ni mabamba mawili ya shaba nyeusi, kila moja takriban sentimita 15 kwa 12. Amri ya mfalme ilichongwa yote nje ya bamba la kwanza, ikarudiwa ndani kwenye nyuso mbili zinazotazamana. Waya ulipitishwa kwenye matundu na kuyafunga mabamba pamoja, mashahidi 7 wakagonga mihuri yao juu ya waya huo, na majina yao yakachongwa nje ya bamba la pili. Ukitilia shaka maneno ya nje, vunja mihuri, kata waya, usome ya ndani. Asili ilibaki Roma, ukutani nyuma ya hekalu la Augustus, na hati inakuelekeza huko. Uvivu nao ukaingia: kadiri karne ya 2 ilivyosonga, mafundi walizidi kuchonga maandishi ya ndani ovyo, maneno yakikatwa katikati. Nadhani walijua kuwa karibu hakuna atakayeyafungua.

Je, akifika kijijini amebadilika nini? Kwanza jina. Raia mpya kwa kawaida alichukua jina la ukoo wa mfalme aliyempa uraia: wa Claudius akawa Tiberius Claudius, wa Trajan akawa Marcus Ulpius, wa Hadrian akawa Publius Aelius, na jina lake la zamani likabaki mwishoni. Kisha ndoa. Askari alikatazwa kuoa kisheria, ingawa wengi walikuwa na wake na watoto nje ya lango la kambi. Hati haikumfanya mke kuwa raia. Ilimpa mume haki ya kuwa na ndoa halali naye, mke mmoja tu, ili watoto watakaozaliwa wafuate hadhi ya baba. Bila haki hiyo mtoto alifuata upande wa mama.

Donda liko kwa watoto waliokwisha kuzaliwa. Hadi mwaka 140 walipata uraia pamoja na baba yao. Kuanzia hapo, chini ya mfalme Antoninus Pius, watoto wa askari wa kawaida waliondolewa kwenye hati za vikosi hivi. Mzee aliyerudi na watoto watatu kisha akapata wa nne alikuwa na raia mmoja, kitinda mimba, na watatu wasio raia, wote wakila chungu kimoja.

Urithi nao ulikuwa na mtego wake. Sheria haikumruhusu raia kumwandika asiye raia kuwa mrithi wake. Askari alisamehewa sharti hilo, ila wosia wa kijeshi ulidumu mwaka mmoja tu baada ya kuachiwa. Mwaka ukipita, kaka aliyebaki akilima shamba miaka yote ile hakuweza tena kurithi kwa wosia ule.

Wengi hawakurudi kabisa. Tiberius Julius Abdes Pantera, wa kohorti ya wapiga upinde, alitoka Sidoni nchini Lebanoni. Jiwe la kaburi lake lilipatikana Bingerbrück, Ujerumani: umri miaka 62, utumishi miaka 40. Tena kikosi kikihamishiwa mbali, mapengo yalijazwa na vijana wa jirani na kambi, hata kikosi kilichoitwa cha Wathraki au Watungri, makabila walikotoka askari wake wa mwanzo, kikabaki na jina tu. Kwa vijana hao nyumbani palikuwa pale pale, mwendo mfupi kutoka langoni.

Na uraia haukumlinda kila mtu. Julius Civilis, Mbatavi wa bonde la mto Rhine, alikuwa raia na alitumikia kambi za Roma miaka 25. Malipo yake, kama anavyosimulia mwanahistoria Mroma Tacitus, yalikuwa ndugu yake kuuawa na yeye kupelekwa kwa mfalme Nero amefungwa minyororo. Mwaka 69 aliongoza uasi, na kohorti za Wabatavi zikajiunga naye.

Mwaka 212 mfalme Caracalla akawapa uraia karibu watu huru wote wa himaya. Tangu hapo mstaafu aliporudi kijijini alimkuta nduguye, ambaye hakuwahi kuvaa kofia ya chuma hata siku moja, naye ni raia wa Roma.