Ununuzi wa jumla kwa ajili ya jiko letu

Tangu familia yetu ianze kununua mahitaji ya mwezi katika maduka ya jumla hapa Mwanza, mimi hutazama kwanza muda ambao bidhaa inaweza kukaa bila kuharibika, kisha ndipo bei. Unga wa dona una nyuzinyuzi na virutubisho vingi kuliko sembe, kwa sababu mahindi husagwa bila kukobolewa, lakini mafuta yaliyomo katika kiini cha mahindi huufanya uharibike mapema; kwa hiyo tunanunua gunia la mahindi makavu na kusaga kidogo kidogo, ingawa foleni ya mashineni haifurahishi hata kidogo.

Dagaa tunawafuata Mwaloni, Kirumba. Huliwa wazima pamoja na mifupa yao, hivyo wana kalsiamu nyingi, nami huchagua walioanikwa juu ya chanja, kwa kuwa walioanikwa chini huja na mchanga usiokwisha hata ukiwaosha vipi.

Chumvi iwe na madini joto na pakiti yake iwe imefungwa vizuri, kwani unyevu hupunguza madini hayo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, kwa hiyo katoni nzima si lazima. Mafuta ya alizeti tunachukua dumu la lita 5, maana dumu la lita 20 humfanya mpishi yeyote amimine bila kupima. Sukari tumeacha kabisa kuinunua kwa mfuko. Kilo mojamoja ya dukani kwa Mangi inatutosha.